Mguu wa Kushoto wa Mke Wangu

Jumanne, 4 Machi

Urefu sentimita tano. Upana nne. Majimaji mengi, harufu ipo, kingo nyekundu.

Hayo ndiyo niliyosomewa leo kutoka nyuma ya pazia, nami nimeyaandika kama nilivyoagizwa. Nesi amesema kidonda kinachotibiwa nyumbani lazima kiwe na daftari lake, tarehe na vipimo, ili watu wasidanganywe na macho. Daftari jipya sikuwa nalo, kwa hiyo naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, huku nyuma kuna mguu wa mke wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho duka, cha nyuma ndimo tunamoishi, na katikati pana pazia nililolishona mwenyewe. Kidonda kiko mguu wa kushoto, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Kina miezi saba sasa. Wiki iliyopita daktari wa kliniki alisema mishipa imechoka kupandisha damu, ndiyo maana ngozi ya chini inakatika yenyewe. Akaamuru mguu ufungwe bendeji ya kubana, uoshwe mara mbili kwa wiki na mtu anayejua, na mvua hizi zikiisha kidonda hakijafunga, mke wangu atalazwa, akatwe ngozi ya paja iwekwe kiraka. Mke wangu amesema yeye hapelekwi popote kutiwa kiraka kama suruali. Alicheka aliposema hivyo, lakini alivuta gauni akaufunika mguu.

Huyo mtu anayejua ni nesi mstaafu wa mtaa wa pili. Watu wote wanamwita Dokta. Mimi namwita Nesi, kwa sababu ndicho alicho.

Pazia alilifunga mke wangu. Sikuulizwa.

Ijumaa, 7 Machi

Tano kwa nne. Mvua tangu alfajiri.

Jumanne, 11 Machi

Tano kwa tatu na nusu.

Wiki iliyopita Nesi alikuwa anamwita mke wangu "mama". Leo kamwita "dada". Nimejaribu kufikiri mtu huyu na mke wangu wamezaliwa tumbo gani, sijapata jibu. Naye mke wangu akamwitikia "kaka". Kwa mwendo huo, mvua zikiisha tutakuwa tumefika wapi?

Na wanacheka. Sijui kidonda kina kichekesho gani. Mimi nikimuuliza mguu unaendeleaje, ananijibu "unaendelea". Neno moja, halafu ananiuliza kama nimekula.

Jumatano, 12 Machi

Sketi nne za shule. Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Leo niliacha kukanyaga cherehani ili nisikie vizuri. Haikupita dakika, sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya pazia kuuliza kama mkanda umekatika. Nikasema haujakatika, natunga uzi. Nikaanza tena kukanyaga bila kitambaa, sindano inapanda na kushuka kwenye hewa tupu, wao wakidhani nafanya kazi. Lakini cherehani ikilia sisikii wanachosema. Basi nikawa nakanyaga na kuacha, nakanyaga na kuacha, kama mtu aliyeanza kujifunza jana.

Niliyoambulia ni haya. Maji ya chumvi yachemshwe kisha yapoe kabisa. Mafuta ya mgando yapakwe kwenye ngozi ya pembeni, si juu ya kidonda. Mguu uinuliwe kwenye mito miwili kila anapokaa. Na "pole dada" mara tisa.

Nne na nusu kwa tatu na nusu.

Jumanne, 18 Machi

Amevaa gauni la kijani. Gauni hilo nilimshonea mimi kwa harusi ya binti yetu, na tangu siku ile amelivaa mara mbili tu. Leo ni Jumanne, hakuna harusi, ni siku ya kuoshwa kidonda. Nikamuuliza anajipamba kwa nini. Akasema hili ni pana chini, linapanda hadi gotini bila kubana. Ni kweli, mimi ndiye niliyelikata, upana wake naujua. Lakini ana magauni mengine mawili mapana, na hayo pia niliyakata mimi.

Nimelishonea shati la mwalimu mkuu mikono miwili, yote ya kushoto. Nimelifumua.

Ijumaa, 21 Machi

Nne kwa tatu. Kinapona.

Niandike ukweli, maana kurasa hizi za nyuma hakuna anayezifungua. Niliposikia "nne kwa tatu" nilimshukuru Mungu, na papo hapo roho ikaniuma. Miezi saba mume yupo ndani, kidonda kinapanuka. Wiki tatu mtu baki anaingia na kibegi chake cheusi, kidonda kinarudi nyuma. Mtu wa nje akitazama atasemaje?

Mama wa duka la vifungo kaniambia kwamba Dokta amefiwa na mkewe miaka sita sasa, hajaoa, mtaratibu, hanywi wala havuti. Sikuwa nimemuuliza. Nikamwambia vifungo alivyoniuzia mara ya mwisho vilikuwa hovyo.

Jumapili, 23 Machi

Binti yetu amepiga simu. Aliuliza kama mama sasa anapata usingizi, maana maumivu yalikuwa yanamkesheza. Nikasema tunajitahidi.

Nilikuwa sijui. Nalala naye kitanda kimoja mwaka wa thelathini na moja huu, na habari za usingizi wake naletewa kwa simu kutoka mbali. Nikamuuliza binti kaambiwa na nani. Kasema mama mwenyewe, tena Dokta ndiye aliyemshauri ameze kidonge saa moja kabla ya kulala. Kwa hiyo Nesi anajua, binti anajua, na mto wake unajua.

Jumanne, 25 Machi

Leo sikukanyaga wala sikujifanya nakanyaga. Nilisimama karibu na pazia kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nesi alimuuliza kwa nini haniamshi maumivu yakizidi. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha akasema, "Kaka, baba watoto hawezi harufu. Nikijigeuza bendeji inasogea, harufu inatoka. Bora nitulie hivyo hivyo mpaka kupambazuke."

"Harufu iliisha wiki ya pili, dada."

"Mimi najua. Yeye hajui."

Sasa na lile niliandike, maana nimezunguka vya kutosha. Mwezi wa nane mwaka jana, kidonda kilipokuwa ndiyo kwanza kinaanza, alikuja huku mbele, akaweka mguu juu ya stuli, akasema hebu nitazamie hapa. Nilikuwa nimeshika gauni la bibi harusi, jeupe, la kuchukuliwa jioni ile. Nilitazama mara moja. Nikageuza uso. Nikasema, "Funika, mama watoto, nguo za watu zitashika harufu."

Basi, hayo tu. Sikumtukana, sikupandisha sauti. Alifunika akarudi ndani, na jioni alinipakulia kama kawaida. Mimi nikasahau. Tangu siku hiyo hakunionyesha tena. Akawa anakifunga mwenyewe kwa vitambaa, nami nikaona afadhali, hanisumbui. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema yule aliyemfanya mwenzake afiche huumbuliwa na nini.

Nesi simpendi, na sitampenda. Lakini si yeye aliyesema funika.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwomba nione. Kasema nisubiri Ijumaa Dokta aje, nitasomewa.

Ijumaa, 28 Machi

Mfereji mkubwa umefurika, mtaa wa pili umekatika kabisa. Nesi amepiga simu kwamba hawezi kuvuka, bendeji isiguswe mpaka Jumanne, ila vidole vitazamwe viwe na joto na rangi yake ya kila siku.

Nilifurahi. Watu wanahamisha magodoro yao juu ya meza, mimi nimekaa nafurahia mafuriko.

Jumatatu, 31 Machi

Bendeji imelegea, imeshuka mpaka kwenye kifundo na imelowa. Anaivuta kwa mkono kila anaposimama, kama mtoto mwenye soksi kuukuu.

Jumanne, 1 Aprili

Maji hayajashuka. Nesi alimweleza mke wangu kwa simu jinsi ya kujiosha, lakini mgongo wake haumruhusu kuinama hadi kule. Akazima simu, halafu akaniita. Aliniita kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwita, hilo najua. Nilikwenda mbio hata hivyo.

Nilinawa mikono hadi viwiko. Maji nilishayachemsha asubuhi yakapoa. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikauweka mguu wake mapajani mwangu, nikafungua mzunguko mmoja mmoja. Kitambaa cha mwisho kilikuwa kimegandana, nikakilowesha mpaka kikaachia chenyewe. Nikatazama.

Hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa chekundu safi kama ulimi, na pembeni ngozi mpya nyembamba inaingia. Harufu ilikuwa ya kitambaa kibichi tu. Nilikuwa nimekiogopa miezi yote hii, na muda wote nilipokuwa nakiosha yeye alikuwa anatazama ukuta.

Ilipofika kufunga, hapo nikaona kazi imemfikia mwenyewe. Nesi anafunga kwa nguvu chini, halafu anaendelea kulegeza kadiri anavyopanda. Ndiyo maana inashuka! Kila fundi anajua kwamba soksi hushikwa na lastiki ya juu. Nikapita chini taratibu, nisimuumize kwenye mfupa, nikapanda, nikalaza kila mkunjo juu ya mwenzake kwa nafasi sawasawa, na nilipofika chini ya goti nikavuta raundi tatu za nguvu. Ikakaa kama ngozi. Plasta sikutumia, plasta huachia. Nikachukua sindano, nikashona ncha ya bendeji kwa mishono kumi na miwili ya kuficha.

Nitakuwa mwongo nikisema nilishona ili ishike tu. Nilitaka Nesi akija akute imefungwa kwa mkono wangu, na asiweze kuifungua bila kukata uzi wangu.

Nilimuuliza kama inabana. Akasema iko sawa. Nikauliza tena. Akasema, "Iko sawa, baba watoto. Asante." Ameniambia asante kwa mguu ule kwa mara ya kwanza.

Jumatano, 2 Aprili

Haijashuka hata upana wa kidole. Nimeshona kutwa nzima nikiimba.

Alhamisi, 3 Aprili

Haijashuka. Kala kidogo sana. Kutwa amekaa na mguu juu ya mito, shuka imefunika vidole. Nimemuuliza, kasema baridi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nesi kafika saa nne, tope limempanda hadi magotini. Mimi nilijiweka karibu na pazia nikingoja asifu. Nilimsikia akifunua shuka. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Fundi, njoo na mkasi wako."

Pazia lilikuwa wazi. Vidole vitano vya mke wangu vilikuwa vimevimba na kuiva rangi ya mbilingani. Nesi akachukua mkasi, akakata uzi wangu, mishono yote kumi na miwili, na bendeji ilipofunguka niliona mfereji umezunguka mguu chini ya goti, una malengelenge, na sehemu mbili ngozi imeshapasuka. Chini ya hapo mguu wote ulikuwa umejaa kama unga ulioumuka. Kidonda chenyewe kilikuwa kimefunguka upya na kinatoa maji.

Alibonyeza kucha ya dole gumba, akaachia, akangoja rangi irudi. Ilichelewa, lakini ilirudi. Akamuuliza tangu lini. Akasema tangu Jumanne alasiri.

"Siku tatu, dada. Na simu unayo. Kwa nini hukusema?"

Mke wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Ndiyo mara ya kwanza ameushika," akasema. "Ningesema unabana, asingeushika tena."

Nilishika beseni, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika. Nesi aliosha na kufunga upya. Alipomaliza alinifuata huku mbele, akasimama katikati ya sketi za shule, akanieleza polepole. Damu ya mguu inapanda, kwa hiyo msukumo unaanzia chini. Ukibana juu umeziba mlango wa kutokea. "Wewe umefunga mdomo wa gunia," akasema. Siku mbili zaidi na vidole vingekuwa hatarini. Na sasa habari ya kulazwa imesogea karibu, si mbali, kwa sababu tumerudi nyuma na tumeongeza vidonda viwili.

Nilingoja anitukane. Ningepata cha kumjibu. Badala yake akasema kuanzia Jumanne nitakuwa nafunga mimi, mbele ya macho yake, mpaka nijue.

Jumamosi, 5 Aprili

Kuna ule msemo kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sijakonda hata kidogo. Aliyekonda ni yeye.

Jumanne, 8 Aprili

Sita kwa nne. Na viwili vidogo chini ya goti.

Nesi kanifunga mimi kwanza. Kasema nitembee na bendeji hiyo kutwa nzima nijue inavyokuwa. Wateja wananiuliza nimeanguka wapi, nawaambia kwenye utelezi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefunga na kufungua mara nne. "Kaza hapo chini. Sasa legeza. Legeza tena, fundi, unapanda kwa hasira." Mke wangu akacheka, Nesi akacheka. Mara hii nilikuwa ndani ya pazia, kicheko nimekiona kwa macho, na bado kimeniuma. Nilidhani kilichokuwa kinanichoma ni kutoona.

Jumanne, 15 Aprili

Tano na nusu kwa nne. Vile viwili vinakauka.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kubwa. Nesi kaja hivyo hivyo.

Jumanne, 22 Aprili

Tano kwa tatu na nusu. Tumerudi pale tulipokuwa wiki moja kabla ya lile shati la mikono miwili ya kushoto.

Leo nilishindwa kuvumilia. Nikamsindikiza Nesi hadi kwenye kona, nikamuuliza kwa nini anamwita mke wangu dada. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Fundi, nina vidonda kumi na kimoja katika mitaa hii miwili. Wanawake wote ni dada, wanaume wote ni kaka, maana majina siyashiki tena. Mkeo ni wa saa nne. Saa tano nina mguu wa muuza mkaa."

Nikarudi mwepesi kama nimetuliwa mzigo. Nilipofika mlangoni nikakasirika upya. Mke wangu, na gauni lake la kijani, ni wa saa nne tu?

Ijumaa, 25 Aprili

Nne na nusu kwa tatu. Gauni la kijani.

Ijumaa, 2 Mei

Nne kwa mbili na nusu.

Sasa naosha mwenyewe, napaka mafuta, nafunga, Nesi amekaa kwenye kiti anakunywa chai yangu. Kasema mkono wangu umekuwa mzuri. Nilipaswa kufurahi. Lakini leo, nikiwa nimepiga magoti na mguu uko mikononi mwangu, mke wangu aligeukia kwenye kiti akasema, "Kaka, mwambie alegeze kidogo hapo."

Mwambie. Mimi nilikuwa hapo hapo, masikio yangu yako umbali wa shubiri moja na goti lake.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemuuliza kwa nini asiniambie mimi. Alifikiri sana, na sikuona kwamba anatafuta jibu la kunifurahisha. Akasema, "Sijazoea."

Nilitamani aseme kwamba amekasirika. Hasira ningeijua pa kuishika.

Jumanne, 6 Mei

Tatu kwa mbili. Nesi kaomba kuliona daftari. Nikamwambia limelowa, nikamnakilia vipimo kwenye karatasi. Kasema nina mwandiko mzuri.

Ijumaa, 9 Mei

"Kaka, leo kinawasha." Kinapona, kasema Nesi. Nimeandika kuwasha.

Jumanne, 13 Mei

Mbili kwa moja na nusu. Mvua imekuwa ya vipindi.

Jumanne, 20 Mei

Moja kwa nusu. Binti amepiga simu kumshukuru Dokta. Alinishukuru na mimi, baadaye, kabla ya kukata.

Jumanne, 27 Mei

Kimefunga. Hapakuwa na cha kupima. Pana ngozi ya waridi, inayong'aa, nyembamba kama karatasi ya kuchorea ramani ya nguo, na Nesi kaipitishia kidole mara mbili ili ahakikishe. Hakuna kulazwa, hakuna kiraka. Mke wangu aliziba uso kwa mikono miwili akalia, na mimi pia nililia, nikasingizia moshi wa jiko.

Nesi katoa maagizo ya mwisho. Soksi ya kubana kila siku kabla ya kushuka kitandani. Mafuta asubuhi na jioni. Miguu ikaguliwe yote miwili. Asimame kidogo, atembee sana. Kisha akafunga kibegi chake. Alinipa mkono na kusema sasa nina fani mbili. Mke wangu akamsindikiza hadi mlangoni, akasimama pale mpaka alipopinda kona, na baada ya kupinda kona akaendelea kusimama.

Nimeweka maneno haya ili yabaki: mtu yule amemponya mke wangu, hakunitukana siku niliyostahili, alivuka tope la magotini kwa ajili yetu. Yote hayo nayajua. Na nilipomwona mke wangu amesimama mlangoni vile, nilitamani asingekuja hata siku moja.

Ijumaa, 30 Mei

Saa nne imepita, hakuna aliyebisha hodi. Ameutazama mlango mara tatu. Nimehesabu.

Jumanne, 3 Juni

Mvua zimekatika. Nimemuuliza mguu unaendeleaje. Kasema unaendelea.

Jumatatu, 9 Juni

Alasiri aliniita. Nilikuwa nakata suruali ya mtu, nikaacha mkasi katikati ya kitambaa.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameunyoosha mguu wa kulia, si ule wa kushoto. Akasema nitazame hapo, jana hapakuwa hivyo. Upande wa ndani palikuwa na doa la kahawia, na katikati ya doa ngozi imeachana, padogo kuliko punje ya hindi, panatoka maji. Nilipiga magoti, nikaushika mguu kwenye kisigino, nikausogeza kwenye mwanga. Nilitazama kwa muda mrefu, maana kulikuwa na ya kutazama. Nilipoinua kichwa nikakuta yeye hautazami mguu. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Umemwambia Dokta?" nikamuuliza.

"Bado. Nimekuonyesha wewe kwanza." Kisha akasema, "Unaniuma, mume wangu. Unaniuma sana. Jana sikulala."

Nilivyojisikia naona aibu kuviandika. Mke wangu ana kidonda kipya. Huenda mwaka mwingine wa mabeseni na mito ndiyo unaanza, na kitisho cha kulazwa kimerudi nyumbani. Mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto.

Kidonda kichanga ni cha kuripotiwa saa ile ile, nimefundishwa hivyo, na simu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. Maji yaliyochemshwa yalikuwapo, nikatia chumvi, nikamwosha polepole, naye akawa ananiambia: hapa panachoma, hapa hapana neno, huku juu panavuta. Aliniambia yote, bila kugeukia kiti chochote. Ilichukua kama nusu saa, na katika nusu saa hiyo hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari za mguu ule isipokuwa mimi.

Kisha nikampigia Dokta.